Haisomeki

Bwana karani, fomu hii umeirudisha mara tatu,
kila mara na muhuri mwekundu: HAISOMEKI.
Leo sikuja na bahasha ya kukuhonga.
Nimekuja na kioo.

Nisikilize kwanza. Feni imekufa, foleni ni ndefu,
huna pa kukimbilia.

Baba yangu Isakkimuthu alikuwa mpanga herufi
katika matbaa ya uchochoroni, Tirunelveli,
nyuma ya duka la halua.
Herufi za risasi husimama kinyume, kama uso majini,
naye alizisoma hivyohivyo.
Hata jina langu alinifundisha kuliandika kinyumenyume.
Mama akacheka: huyu atakwenda shule akitazama nyuma.

Wakati ule vibarua wa kiwanda cha uzi walikuwa wamepigwa risasi.
Serikali ilikuwa na risasi, baba naye alikuwa na risasi,
ila zake zilijua kusema.
Alipanga ukurasa mmoja tu. Majina ya waliokufa,
na mishahara yao, kwa ana.

Polisi walipovunja mlango alikuwa ameshika herufi moja.
Akaitia kinywani, chini ya ulimi:
ile inayofunga jina la lugha yetu,
ile ambayo ulimi wa Mzungu huikwaa, ukaanguka.
Zilizobaki walizimwaga mtaroni.
Sisi watoto tulizivua kwa ungo siku tatu.

Miaka sita, na kazi ngumu.

Unakijua kinu cha mafuta, bwana karani?
Hukokotwa na maksai.
Lakini maksai wa gereza la Kannur alikuwa na mgao wake wa majani,
na akichechemea huitiwa daktari,
kwa hiyo nira walimvika baba.
Akazunguka.
Jua la Chithirai utosini, ufuta ukilia chini ya mchi,
mafuta yakishuka ndani ya mtungi wa serikali,
akazunguka.
Alihesabu mizunguko kwa alfabeti yetu,
herufi mia mbili arobaini na saba,
kisha akaanza upya.

Mama aliuza dhahabu ya shingoni,
ile ambayo mwanamke wa kwetu haivui ila mumewe akifa.
Akafunga kipande cha manjano kwenye uzi, akakivaa.
Shangazi wakamwita mjane wa mtu hai.
Yeye, akipepeta mchele wa watu:
"Manjano nayo ina rangi ya dhahabu."

Mwaka wa nne homa ilimchukua mdogo wangu, Sudalai.
Barua ya kumjulisha baba ilirudi, imegongwa muhuri.
Mihuri tunaijua, bwana.

Alirudi kwa treni ya alfajiri,
bega moja limeshuka kama mizani ya mchuuzi mwizi.
Hapakuwa na shada wala ngoma.
Mwenye halua alimwona, akafunga dirisha.
Matbaa zilitaka watu wenye majina safi. Akauza makaa.

Na kila Dipavali, kabla ya mapambazuko,
nyumba zote zikipakana ufuta kichwani,
yeye alitoka, akaketi kisimani mpaka harufu ipite.
Hakutueleza. Tulidhani ni ukali.

Bendera mpya ilipopanda, waligawa pipi.
Yake alinipa mimi, mama wa watoto wawili.

Sasa mnataka sahihi yake.
Bega limekataa, macho yamefifia,
mkono umefuata njia uliyoizoea.

Basi simamisha kioo hapa, ubavuni mwa karatasi.
Hapana, hicho cheusi nilichoigandamizia usikitupe.
Si kokoto. Kina alama za meno.

Yeye yuko nje, kwenye ngazi.
Hataki kuingia: mbele ya sanamu yenu
mmewasha taa ya mafuta ya ufuta.

Kwa hiyo soma, bwana karani.
Soma kwa sauti,
asikie.