Mzani wa Bi Nyanjige

Usiku nilivipanga vyote mkekani:
kamera kubwa, na ile ndogo ya akiba,
lenzi nne, flashi, chaja, tripodi ya chuma,
na begi lenyewe, ambalo hata likiwa tupu
lina uzito wa mtu aliyenuna.
Kwetu ni Mabatini, juu, katikati ya mawe;
hadi barabarani ni vidato tisini na saba.
Goti langu la kushoto linavijua kwa majina.

Alfajiri nikapitia Mwaloni.
Bi Nyanjige alikuwa anafungua magunia ya dagaa,
mzani wake ukining'inia kwenye boriti
(una uongo wa gramu hamsini,
soko zima linajua, soko zima limesamehe).
"Nipimie hili."
Akalitundika begi kwenye ndoano ya sangara.
Mshale ukakimbia, ukasita, ukasimama.
"Kilo kumi na moja na robo.
Mpiga picha, unasafiri au unahama?"

Siku tano tu, nikamwambia, Ukerewe na Ukara.
Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
"Usufi!" Akacheka mpaka kilemba kikalegea.
"Haya, punguza. Mimi napima."

Nikaanza kutoa, pale pale, mbele ya wateja.
Tripodi: visiwani kuna mawe,
na sijaona bado jiwe linalotetemeka mkono.
Flashi: jua la ziwani halitaki msaidizi.
Lenzi ya harusi, inayolainisha mashavu.
Lenzi pana, inayovuta kuta
mpaka kibanda kikajiona ukumbi.
Kilo sita.

Ikabaki ndefu.
Mzinga wangu mweupe, milimita mia nne,
nilioulipia kwa misimu miwili ya mahafali na komunio.
Hapo mkono ukawa mzito kuliko begi.

Nikakumbuka mwaka juzi, ufukweni Ukara.
Nilisimama mbali, juu ya jabali,
nikauelekeza majini.
Watu thelathini wakaliacha kokoro, wakatokomea vichakani,
wakidhani doria ya uvuvi imepata jicho jipya.
Picha niliyorudi nayo ni ya wavu peke yake
na ndala moja.
Imetoka vizuri sana. Kila uzi unahesabika.

Nikautoa.
Kamera kubwa, ikiwa haina tena mwenzi, ikafuata.
Begi nalo. Bi Nyanjige akanipa kikapu cha ukindu
chenye harufu ambayo sitaieleza.
Akaufunga mzinga kwa kanga chakavu,
akauweka chini ya meza, jirani na paka.

Kamera ya kiganja, lenzi moja isiyovuta,
betri tatu, kipande cha turubai cha kuzuia rasharasha.
"Kilo moja na gramu mia mbili."
"Toa hamsini," nikasema.
"Hamsini ni zangu."

Lenzi isiyovuta ina adabu yake:
ukitaka uso uwe mkubwa, tembea.
Fika. Salimia. Subiri waulize wewe ni mtoto wa nani.
Mazigo akanipa nafasi kwenye mtumbwi wake,
nami nikalipa kwa kufua maji kwa kopo,
kamera shingoni, nyepesi kama funguo,
nikaisahau mpaka alipoanza kucheka.

Sisemi kwamba sikujuta.
Siku ya tatu furukombe alitua jiwe la mbali,
samaki bado anapinda kwenye kucha.
Nikapiga. Nukta.
Nikatukana kwa Kisukuma, kwa sauti.

Niliporudi, Bi Nyanjige akapekua picha
kwa kidole chenye magamba.
Akamtazama Mazigo kidogo. Akaruka machweo yote.
"Na hiki kidoa?"
"Ndege."
"Ndege gani?"
Nikavuta gunia, nikakaa, nikaanza:
kichwa cheupe, kana kwamba kimechovywa kwenye unga wa muhogo…
Wateja wawili wakatua vikapu vyao.
Chini ya meza, paka alikuwa amelala
juu ya milimita mia nne.