Robo ya Kidonge

Nesi Shekiondo kule Bombo alinionya,
kidole juu ya karatasi:
usiache ghafla, mama, utaanguka.
Shuka kama anayeshuka ngazi na ndoo kichwani.
Basi kila jioni nakikata kidonge kwa wembe
ule ule niliokuwa nikifumulia mishono,
na vumbi jeupe linalobaki kwenye sahani
nalipuliza kabla sijalitamani.

Miaka sita nimelala kwa mkopo.
Sasa mdai amekuja.
Anabisha hodi saa nane za usiku,
hana papara,
ameketi barazani anadai usiku mmoja mmoja.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba, hapana siri.
Bi Time wa nyumba ya pili kaiona taa yangu,
akaleta maziwa ya moto, kakunia kungumanga.
"Chembe tu," akasema, "ikizidi inalevya."
Nikanywa. Nikalala dakika ishirini,
nikaota namshonea kanzu mtu wa mikono mitatu.

Mwanakombo akasema dawa ni miguu:
karai, maji ya vuguvugu, chumvi ya mawe.
Miguu ikalala.
Mimi nikabaki macho, naitazama inavyostarehe.

Shemhilu wa machungwa akaleta majani ya mchungwa
toka shambani kwake Muheza, bado yana umande.
Nyumba nzima ikanukia. Hata mjusi alitulia ukutani.
Binti yangu Raya akapiga toka Mwanza:
simu iweke mbali, mama, wala usitazame saa.
Aliniambia hayo kwa simu,
saa sita kasoro robo.

Asumini chini ya mto,
hiyo sikuambiwa na mtu, niliijua.
Ikanikumbusha mto wa pili.
Nikaitoa, nikaiweka dirishani,
asubuhi ilikuwa kahawia.

Nimewajua wasiolala mji huu.
Mlinzi wa ghala la mkonge hukohoa mara tatu,
kama anayetia sahihi.
Saa tisa tanuri la boflo linafunguliwa.
Saa kumi bomba la uani linakoroma, maji yanarudi,
nami namwonea kijicho bomba
kwa kule kukoroma kwake.

Marehemu baba alitunga mashairi kwa vidole,
mizani minane huku, minane kule,
akifika mwisho kidole gumba kinagonga goti.
Nikasema nami nihesabu. Nikaanza gizani:

*Nimekuita usiku, mbona huji nikalala?*
*Nimelaza hata kuku, nimekunywa, nimekula,*

Hapo ndipo nilipojiponza.
Kina cha "ku" kikanikaa kooni kama mwiba wa changu:
shauku, mkuku, udaku, kasuku,
kasuku anaingiaje humu?
Nikawasha taa, nikatafuta kalamu,
na Bi Time akaiona taa,
na maziwa yakaja.

Zipo nyakati mikono inatetemeka,
uzi haupiti tundu la sindano,
shuka limelowa jasho, moyo unakimbia
na mimi nimelala chali.
Wakati huo sahani huwa mbali mno na karibu mno.
Mara mbili nimefika kabatini.
Mara moja nimelifungua.

Alhamisi sikuwasha taa.
Nilikuwa kwenye mstari wa tatu, *Njoo hata kwa*,
kwa nini, sijui, neno lilikuwa linakuja,
nilikuwa naliona kisogo.

Tanuri sikulisikia. Bomba sikulisikia.
Muadhini alimaliza bila mimi.
Bi Time aligonga dirisha kwa upawa
akidhani nimekufa:
saa moja na nusu, jua limefika kwenye cherehani.

Mstari wa tatu hadi leo una mizani mitano.
Sitaki kuumalizia.

Ijumaa nilikesha tena, na Jumamosi.
Nesi kasema ngazi huwa na vidato visivyolingana.
Jioni hii nimeweka sahani mezani, nimechukua wembe.
Kipande kimekuwa kidogo,
wembe hauoni pa kukata.