Jicho Kwanza

Kisesa, chumba cha uani. Nkwimba anafunua beseni:
watoto tisa wa chatu, wamejikunja kama ngata.

"Huyu wa kawaida, kahawia, madoa ya karanga iliyoungua.
Huyu mstari wa mgongo umemkatika.
Huyu njano yake itafifia akijivua gamba,
usidanganyike."

Wa tisa ni mweupe.
Mteja wa Nyakato keshashika pochi: zeruzeru, bei gani?

"Tazama jicho kwanza.
Likiwa jekundu, rangi haikuja kabisa.
Hili jeusi. Rangi imo, imejificha."

"Nimeuliza bei."

Nkwimba anarudisha kitambaa juu ya beseni
taratibu, kama alivyokuwa akimfunika Luhende,
mdogo wake, kofia pana, shati la mikono mirefu,
kila gari geni liliposimama njiani.

"Wanane wanauzwa," anasema.