Kijiko cha Aikande

Jikoni kwetu Pasua kuna sufuria mbili.
Kubwa ina mtori: mshare, nyama ya mfupa,
mwiko umesimama wima wenyewe.
Ndogo ni yangu: mnafu, mayai mawili,
na parachichi la Mama Ndeshukurwa
anayenipa pole kila jioni kama mfiwa.

Tangu daktari aandike WANGA kwa herufi kubwa
akaupigia mstari, kisha mstari mwingine,
naujua uzito wa ndizi kwa kuitazama tu.
Mimi, mtoto wa kihamba,
niliyeachishwa ziwa kwa mtori.

Aikande ana mwaka na nusu.
Hajui sukari ya damu. Anajua "am!"
Analamba, anaipaka meza, analipaka sikio,
kisha ananyoosha mkono,
kijiko kimejaa, kinadondoka,
mpaka mbele ya midomo yangu.
"Baba, am."

Nikageuza uso.

Akaniangalia. Akakiangalia kijiko.
Akakilaza mezani, taratibu,
akalisukuma bakuli lake
na kufumba mdomo kama mimi.

Mama yake alikuwa anaosha vyombo.
Hakugeuka. "Anakusoma," akasema.

Basi nikaachama.
Kijiko kimoja. Nitakiandika kwenye daftari la vipimo,
pembeni ya namba ya asubuhi.
Kilikuwa cha moto kiasi, na chumvi yake,
na nyumba nzima ya marehemu bibi ndani yake.

Aikande akacheka, akala mpaka bakuli likang'aa,
halafu akaonyesha mnafu wangu kwa kidole.

"Am."