Jumapili Mbili

Tiketi yako ninayo bado, Eliseo,
imekunjwa mara nne ndani ya kopo la biskuti
pamoja na risiti ya jeneza.
Kuondoka Auckland: Jumapili, saa kumi na mbili jioni.
Kufika Santiago: Jumapili, saa saba mchana.
Mtu akiisoma kwa pupa
atadhani mchapaji alisinzia.
Nani hufika kabla hajaondoka?

Lakini ndivyo ilivyo bahari ile.
Kilomita elfu tisa na mia sita na ushei
kutoka kwa kondoo wa watu unaowanyoa
hadi mlango wa vioo niliposimama mimi,
na katikati upo mstari usioonekana;
ukiuvuka unarudishiwa siku
kama chenji.

Ulipofunga mkanda, kwetu ilikuwa saa nane usiku.
Mama alikuwa macho.
"Ameshapanda?"
Ameshapanda.
"Ni mwendo gani?"
Saa kumi na moja, nikamwambia.
Akahesabu vidole juu ya blanketi,
vikamwishia kwenye kumi,
akaazima kimoja changu.
Hakukiachia taa zilipozimwa mtaani,
hakukiachia muuza mkate alipopita.

Saa tatu asubuhi alikiachia.

Wewe ulikuwa wapi? Nimepiga hesabu hiyo
hata kazini, mkono mmoja juu ya muhuri:
saa saba zimeliwa, nne zimebaki,
maji matupu chini yako, hata kisiwa hakuna,
labda umelala mdomo wazi,
labda unaulizwa kuku au samaki.
Saa nne nzima
mimi yatima, wewe bado una mama.
Tumbo lile lile moja.

Niliendesha gari la jirani hadi Pudahuel
taratibu, malori yakinipita na kunipigia honi.
Si machozi, macho yalikuwa makavu.
Kila kilomita niliyoichelewesha
nilikuwa nakuongezea wewe.
Nikafika, nikatazama ubao:
ndege yako imewahi dakika ishirini.
Niliichukia ndege ile
kama mtu anavyomchukia mtu.

Ukatoka na begi linalonuka mafuta ya sufu,
saa ya mkononi bado inadai ni Jumatatu alfajiri.
Ukaniuliza, "Nimewahi?"
Nikasema, "Ndege imewahi."

Kwenye matanga, mama mdogo Hortensia
alivaa miwani, akalaza karatasi mbili mezani:
cheti cha kifo, Jumapili saa tatu asubuhi;
tiketi, Jumapili jioni.
"Alingoja afe kwanza," akanong'ona,
ule mnong'ono wa kusikika hadi jikoni.
Nikachukua chungwa na njiti ya kiberiti
nimwoneshe jua lizungukavyo, au sisi tuzungukavyo,
nikakwama, chungwa likaanguka chini ya kabati.
"Karatasi ni karatasi," akasema.
Wewe ulikuwa unabandua nta ya mshumaa kwa ukucha.
Hukujitetea.

Ukaondoka Jumanne usiku, ukashukia Alhamisi.
Ukaniandikia: *Ile siku ya ziada wameichukua tena.
Jumatano yangu haikuwepo kabisa.*

Yangu ilikuwepo. Nilifua mashuka.

Habari za kile kidole sijakwambia.
Kwa simu haziwezekani, na barua naogopa.
Uje, hata kwa siku mbili,
hata kama watakudai tena ukirudi.