Herufi Ndogo

Flensburg, Februari, theluji imeziba dirisha.
Bi Gesche Thomsen, mwalimu mstaafu wa imla,
anaifufua kompyuta ya marehemu mumewe
kwa mfumo mpya, wa bure,
alioletewa na mjukuu kwenye flashi.

Lugha: amechagua. Saa: amepanga.
Jina la mtumiaji: Gesche.
Mashine ikagoma. Mstari mwekundu:
herufi kubwa haziruhusiwi.

Mwekundu! Wino wake mwenyewe,
aliowamwagia watoto miaka thelathini na minane
kwa kuandika Meza kama meza,
Mkate kama mkate;
kwao kila chenye jina huvishwa kofia.

Akajaribu tena: GESCHE.
Ikakataa kwa adabu ile ile.
Akacheka peke yake, chai ikipoa.

Akalikumbuka jiwe la Momme kule makaburini,
M yake ndefu imejaa barafu,
na vikaratasi alivyomwachia jikoni:
gesche, maziwa yameisha,
herufi ndogo tupu, mvivu yule,
naye akivisahihisha kwanza
ndipo aende dukani.

Kidole kikasita.
gesche, akaandika.
Ikapokea.