Kisawe

Bi Lempi Kettunen, nimesimama mlangoni pako,
buti zimejaa tope la Ghuba ya Willapa,
mkononi karatasi nne, na sijui nianzie wapi.

Unanimiminia kahawa. Unauliza hali ya barabara ya Naselle.
Ukutani, ndani ya fremu, ukurasa ule wa miaka thelathini na miwili:
jina la mumeo kwa herufi za mlazo,
na chini yake mchoro wa konokono
asiyezidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Alvar ndiye aliyemwona. Alikuwa akigeuza chaza,
maji yamekupwa, akakuta povu lisilopasuka,
povu lenye mwendo.
Akalitia kwenye chupa ya haradali, akaendesha gari saa tatu
hadi maabara ya mwalimu wangu,
akasema: Hiki hakimo kitabuni mwenu.

Na kweli hakikuwemo.
Mwalimu akahesabu, kama tunavyohesabu sisi:
sahani tatu za firigisi, zenye matuta;
meno ya ulimini, safu kwa safu;
ngao ya kichwa, nyuma imepasuka kama mkia wa mbayuwayu;
ganda jembamba hata ukiliweka juu ya gazeti
unasoma bei ya mbao.
Nyumba isiyomtosha mwenyewe, nyama inafurika nje
kama unga ulioumuka kwenye bakuli dogo.

Akampa jina. Mwishoni akatia herufi moja, i,
ambayo kwa Kilatini ni sawa na kusema "wa":
kettuneni, wa Kettunen.
Lakini mimi, kila nilipolisoma, nilisikia mahali:
kettuneni, kama nyumbani, kama jikoni,
pale mtu anaporudi akavua buti.

Sasa nisikilize.
Nimechukua vinasaba vya wako na vya wale wa Miyagi,
nikavilaza sambamba kama shuka mbili,
nikatafuta uzi uliotofautiana. Nimetafuta miezi saba.
Yule wa Japani alipewa jina karibu karne nzima kabla,
na sheria yetu ni fupi, haina shangazi wala mjomba:
la kwanza ndilo. Yanayofuata ni visawe.

Alikuja na chaza, Bi Lempi. Na mbegu za chaza,
masandukuni, zimefunikwa mwani mbichi,
zile alizozipokea baba mkwe wako gatini.
Hakubisha hodi. Hakuandikwa kwenye hati ya shehena.
Alvar aligundua mgeni aliyeletwa na baba yake mwenyewe.

Nilidhani utalia. Nilikuwa na sentensi tayari,
kuhusu mchango, kuhusu heshima.
Wewe ukacheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani.
"Baba yangu alipanda meli akiitwa Hyvärinen,
akashuka akiitwa Harvey. Karani hakuwa na muda.
Mgongo wake uliumwa vilevile."

Kisha ukainuka, ukaishusha fremu,
ukaifuta vumbi kwa pindo la aproni,
ukairudisha palepale, imepinda kidogo kuliko mwanzo.

"Na yule wa kwanza," ukauliza, "huko Miyagi,
nani alimwokota?"

Sikujua. Nilipekua kichwani kila ukurasa.
Kitabu kinamtaja aliyeandika,
hakimtaji aliyeinama.

Usiku nilirudi makumbusho, nikashuka ghala la chini
ambako taa huwaka ukitembea na kuzimika ukisimama.
Kielelezo cha Alvar bado kimo ndani ya spiriti, kimepauka,
lebo yake nyekundu, maana hata jina likizama
kielelezo chake hakihamishwi.
Nikapiga mstari kwenye kettuneni, mmoja, mwembamba,
ili lisomeke. Nikaandika lile la kale juu yake.
Taa ikazimika. Nikapunga mkono ikawaka,
nikaongeza chini, kwa penseli:
aliokota A. Kettunen, kwa mkono, maji yakiwa yamekupwa.